Kuni za Mtu Aliye Hai

Juu ya mji mdogo wa Mikinduri, kwa mlima wetu, hakuna mtu aliyewahi kufa Karwirwa asijue. Si kwamba ni mdaku. Ni kwamba yeye ndiye wa kwanza kufunga kuni.

Kwetu mtu akifariki, wanawake hawaendi kwa wafiwa mikono mitupu. Kila mmoja hubeba mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, maana matanga hayakai bila moto. Chai ichemke, githeri ya mahindi na maharagwe iive, na waliotoka mbali walale na joto. Mama aliyejifungua naye hupelekewa kuni, lakini hizo huenda na nyimbo na vigelegele, ng'ambo ya bonde wakasikia. Kuni za matanga huenda kimya. Ukiona wanawake wamepanga mstari na mizigo yao na hakuna anayefungua mdomo, vua kofia, huna haja ya kuuliza. Tena mzigo ukishashushwa kwa boma la mtu haurudi mgongoni. Ni mwiko. Utachomwa papo hapo, kwa chakula cha watu, mpaka uishe.

Karwirwa alifundishwa kufunga mzigo na mama yake angali msichana mdogo, mwaka ambao surua ilipita nyumba kwa nyumba ikawachukua wadogo zake waliomfuata. Akabaki yeye na kitinda mimba, Kailemia, ambaye alimbeba mgongoni pale pale alipobebea kuni. Wakati mwingine ilikuwa mtoto mbele na kuni nyuma. Alisoma mpaka darasa la saba, akaolewa, akamzaa Mutuma, na mume wake alipoangukiwa na mti akiwa bado kijana, kuni zilikuja kwake vile alivyokuwa akiwapelekea wengine. Hakuacha kupeleka. Wanawake wa kikundi cha kusaidia wafiwa walipomfanya kiongozi hawakupiga kura. Walimwangalia tu, naye akaamka akahesabu sufuria.

Aliyaona mengi. Miaka ile ya ukimwi, kuni za mlima ziliisha kabisa. Walikata matawi ya mukima, miti ya kivuli ya shambani, wakaenda mpaka bonde la chini, na bado kulikuwa na mazishi yaliyopikiwa kwa mabua ya mahindi. Na baada ya dawa kupatikana, watu waliposema sasa tumepona, Karwirwa aliona jambo lingine. Walikuwa wanakufa watoto walioachwa, wanakufa nyanya waliobaki na wajukuu wengi kuliko nguvu zao. Hakuna aliyesema hao ni wa ukimwi. Waliandikwa homa, uzee, huzuni. Yeye akaendelea kufunga mizigo.

Halafu ikaja corona.

Hiyo iliwavunja mikono. Serikali ilisema mtu azikwe haraka, waombolezaji wachache wa familia, hakuna kupika, hakuna kukesha. Alipokufa mzee wa kwanza hapo mlimani, watu waliovaa mavazi meupe kama wafuga nyuki walimshusha kwa shimo asubuhi mapema, wakanyunyiza dawa, wakaondoka. Mjane alisimama peke yake mlangoni na barakoa. Karwirwa aliyaona hayo kutoka barabarani. Akarudi nyumbani, akafunga mzigo, akaenda nao kimya mpaka kwa lango la yule mjane, akaushusha pale nje bila kuingia, akainama kidogo, akageuka. Kesho yake asubuhi kulikuwa na mizigo mingi kwa lango lile. Chifu alipouliza nani anavunja sheria, Nelius, rafiki wa Karwirwa wa siku zote na mweka pesa wa kikundi, alimjibu, "Sheria imekataza watu kukusanyika, bwana chifu. Haijakataza kuni kukusanyika."

Hivyo ndivyo walivyopita mwaka ule. Walikufa wengi, hasa wazee, na mlima ukabaki na viti vitupu kanisani.

Baadaye kukawa kimya. Kwa muda mrefu, hata zaidi ya mwaka, karibu hakukuwa na matanga yoyote. Sufuria kubwa za kikundi zikakodishwa kwa harusi. Watu wakasema kifo kimeshiba, kitalala sasa. Wakafurahi, na katika kufurahi wakaacha vitu vingi. Siku ya Alhamisi ilikuwa ya kliniki ya presha na sukari pale dispensari, lakini wakati wa corona ilisimamishwa, na wenyewe waliogopa kwenda, maana ilisemekana ukikohoa tu unafungiwa. Kliniki ilipofunguliwa tena, wengi hawakurudi. Walikuwa wamekaa bila dawa na hawakufa. Kwa nini warudi?

Hapo ndipo kuni zilipoanza tena, polepole. Rwamba, mwimbishaji wa kwaya, alianguka shambani akichuma miraa, akafa kabla ya kufikishwa barabarani. Mama mmoja wa ng'ambo ya bonde alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, akafuata. Mwalimu wa shule ya chini akalala na hakuamka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepata corona. Na Karwirwa akaona jambo lililomwuma. Alikuwa anawabebea kuni watu wadogo kuliko yeye.

Ndugu yake Kailemia alikuwa mmoja wa walioacha Alhamisi.

Kailemia ni mtu mkubwa wa mwili na wa maneno. Ana shamba zuri la miraa, huamka mapema kuchuma, na asubuhi hukaa chini ya ukuta wa nyumba akifunga vifungu vya miraa kwa majani ya mgomba huku akitafuna vijiti vilivyovunjika. Presha yake ilijulikana kabla ya corona. Siku hizo alimeza dawa bila ubishi. Sasa uso wake ulikuwa umejaa, na akipanda mlima kidogo alisimama akijifanya anaangalia mawingu.

"Ndugu yangu, Alhamisi hii twende," Karwirwa alimwambia.

"Twende wapi?"

"Dispensari."

"Mama Mutuma, corona iliua watu wakubwa Nairobi, wenye magari na madaktari wao. Mimi ilinipita hapa nikifunga miraa. Sasa presha, kitu cha kupimwa na mpira, ndicho kitaniua?"

"Rwamba alisema hivyo hivyo."

"Rwamba alikuwa mwembamba. Mwili wa mwembamba hauna akiba."

Hata binti yake alishindwa naye. Kinya anasoma mambo ya afya ya jamii chuoni Nchiru, na kila akija nyumbani alimsihi baba yake mpaka chai ikapoa. Kailemia alikuwa akimjibu, "Nimekulipia karo ili uje kunitisha?" Kisha anacheka, anampa miraa ya kuwauzia wenzake, na mazungumzo yanaishia hapo.

Wikendi moja Kinya alimkuta shangazi yake akipasua kuni, akakaa kwenye gogo.

"Shangazi, hizi ni za nani?"

"Bado sijui. Zinangoja mwenyewe."

Kinya akasema, "Tulifundishwa kwamba gonjwa kubwa linaua mara mbili. Kwanza linaua lenyewe. Halafu linaua kwa yale liliyovunja: kliniki zilizofungwa, chanjo zilizorukwa, dawa zilizoachwa. Hiyo ya pili inachukua miaka, na haiitwi jina lake."

"Na ule mwaka wa kimya?"

"Ule si kwamba watu walikuwa na afya. Wazee wengi waliokuwa waondoke mwaka ule walikuwa wametangulia na corona. Lilikuwa pengo tu. Ukiangalia vifo vya nchi nzima unaona vinapanda, vinashuka, watu wanapumua, halafu vinaanza kupanda tena na hakuna anayeangalia."

Karwirwa aliweka shoka chini. "Hata ukimwi ulifanya hivyo," alisema. "Ulituachia makaburi ambayo hayakuwa yake."

"Basi unaelewa kuliko mwalimu wangu."

"Usinisifu bure. Kuelewa nimeelewa. Baba yako ndiye sijui nimshike wapi."

"Mimi nimemweleza kila kitu, shangazi. Nimemchorea hata moyo."

"Umekieleza kichwa chake. Baba yako tangu utoto haendeshwi na kichwa. Anaendeshwa na aibu."

Ndipo wazo likamjia, na lilipomjia lilimwogopesha mwenyewe. Alikaa nalo siku kadhaa. Jumapili, baada ya ibada, aliwaita wanawake wa kikundi nyuma ya kanisa akawaambia anataka wampelekee Kailemia kuni.

Nelius alimwangalia kama mtu aliyeona nyoka jikoni. "Kailemia amekufa lini?"

"Hajafa."

"Basi hiyo ni laana, Karwirwa. Kumpelekea mtu kuni za kimya akiwa anapumua. Na ni ndugu yako wa tumbo moja."

"Ndiyo maana ni mimi ninayesema. Nyinyi mkianza itakuwa laana. Mimi nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Nikimlaani, basi na iwe juu yangu."

"Na akianguka pale pale kwa hasira?"

Hilo ndilo lililokuwa limemnyima amani siku zote zile. Alijibu polepole. "Akianguka, ataanguka mbele yetu tukiwa wengi, mchana, na gari la Mutuma liko barabarani. Rwamba alianguka peke yake kati ya miraa. Nimezibeba za Rwamba, na sikuweza kumwambia neno. Huyu bado anasikia."

Mama mmoja mzee akasema yeye hawezi, anaogopa Mungu. Wengine wakasema watafikiria. Nelius alifunga leso yake, akafungua, akafunga tena. "Mimi nitabeba mzigo mdogo," alisema mwishowe, "ili laana yangu nayo iwe ndogo."

Siku ilipofika walijipanga kwa njia ya juu, jua likiwa limeshatoka. Walikuja wengi kuliko alivyotarajia. Hata yule mama mzee alikuja na fimbo tatu zilizofungwa kwa kamba, akasema Mungu atajua hizo ni za kuchungia mbuzi. Wakaanza kutembea, hakuna aliyefungua mdomo. Karwirwa alikuwa mbele. Kwa miaka yote hakuwahi kuusikia mzigo ukiwa mzito hivyo.

Walipopita kwa Gitobu, rafiki na mwenzake wa rika wa Kailemia, mzee yule aliinuka kwenye kiti chake. Aliona mstari, aliona Karwirwa mbele, aliona njia wanayochukua, na njia ile inaishia kwa boma moja tu. Akavua kofia. Akaanza kulia kama mtoto, akawafuata nyuma, na kadiri walivyopita nyumba nyingine watu wakatoka, wakafuata.

Kailemia alikuwa chini ya ukuta wake, shavu limejaa miraa, akifunga vifungu. Mke wake Kaari, ambaye alikuwa ameambiwa tangu jana yake na hakulala vizuri, alisimama mlangoni na mkono mdomoni. Wanawake waliingia lango, wakapita mbele yake mmoja mmoja, wakashusha mizigo katikati ya uwanja. Lundo likapanda. Nyuma yao akaingia Gitobu akilia kwa sauti, "Kailemia, rafiki yangu, mtu wa mkono wazi, nani sasa atanikopesha jembe," kisha akainua macho.

"Gitobu," Kailemia alisema, "mbona unanililia?"

Gitobu alisimama mdomo wazi. "Wewe si umekufa?"

"Nimekufa saa ngapi?"

"Sijui. Nimefuata kuni."

Watu waliokuwa langoni walianza kucheka, wengine wakajizuia, wengine wakashindwa. Kailemia hakucheka. Aliinuka polepole, uso umekuwa mwekundu wa udongo, akatema miraa pembeni.

"Karwirwa. Nani amekufa hapa?"

"Wewe," dada yake alimjibu, akifuta jasho la kamba kwenye paji lake. "Tumekuletea mapema. Mimi nimezeeka, Nelius anaumwa magoti, na vile nakujua utachagua kufa wakati wa mvua. Kuni mbichi hazishiki moto. Bora tuzilete zikiwa kavu."

"Unaniombea kifo?"

"Naomba uishi. Lakini wewe na kifo mmekwisha kuahidiana, kila Alhamisi unayoikosa unakipa siku. Mimi ni mpishi tu. Najitayarisha."

Karwirwa aliona mshipa wa shingo ya ndugu yake ukipiga, akahesabu moyoni hatua za kumfikia. Lakini hakuanguka. Alisema tu, sauti ikiwa chini, "Toeni vitu vyenu hapa."

"Hazitolewi. Unajua mwenyewe."

Wakaondoka, kimya vile vile, wakamwacha na lundo lake. Njiani Nelius alisema, "Kama atatushtaki, nitasema zangu zilikuwa chache." Karwirwa alifika nyumbani akakaa kitandani, wala hakula siku hiyo.

Zile kuni zilikaa uwanjani kwa Kailemia. Kaari hakuzigusa, alipikia matawi ya nyuma ya choo ilhali lundo kavu liko mbele ya macho yake. Wanunuzi wa miraa walipokuja waliliona, wakavua kofia, wakaanza pole sana mzee, ni nani, na Kailemia akawa akieleza, na kila akieleza alijisikia akiongea juu ya mazishi yake mwenyewe. Mmoja hata alitaka kupunguza bei akidhani shamba limepata mwenyewe mpya. Wikendi Kinya alikuja, akalizunguka lundo, hakusema neno lolote la chuoni. Aliingia kumsaidia mama yake. Hicho ndicho kilichomchoma Kailemia zaidi.

Baadaye alimtumia dada yake habari aje.

"Mama Mutuma, hizi zitaondoka namna gani?"

"Kwa moto. Alika watu, wapikiwe, wale."

"Niwaalike kwa sababu gani? Niwaambie njooni mle matanga yangu?"

Karwirwa alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu nyuma ya kanisa. "Nesi Kagwiria anatafuta boma la katikati ya mlima awapimie watu presha na sukari, wale wasiofika dispensari. Anasema akipata mwenye uwanja mpana na moto wa chai, atakuja."

Kailemia alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi cha mtu aliyeshikwa shati. "Wewe mwanamke. Tangu utoto."

"Tangu utoto."

"Nitatoa uwanja. Sitatoa mkono."

Walikuja watu wengi siku hiyo. Uwanja ulijaa, moto ukawaka, chai ikazunguka. Nesi Kagwiria, msichana mpole mwenye sauti isiyopanda, alikaa mezani chini ya mti na kile kimpira chake cha kupimia presha. Walipimwa wengi waliokuwa wamesahau hata rangi ya dawa zao. Wengine waliambiwa waende leo leo hospitali Mikinduri. Gitobu mwenyewe aligundulika ana sukari, akasema basi ndiyo maana alikuwa akilia siku ile, ni sukari. Kailemia alizunguka akiwakaribisha wageni, akimwita huyu na yule, hakukaribia meza. Kinya alimwangalia, akaangalia shangazi yake, akainamisha kichwa.

Mwishoni, watu walipopungua, Karwirwa alimshika ndugu yake mkono mbele ya wote. "Sasa wewe."

"Sawa," alisema. Watu wakageuka. "Sawa, nitatoa mkono. Lakini dada yangu kwanza. Aliyezaliwa kwanza hupimwa kwanza."

Karwirwa alitaka kucheka, akakuta kicheko hakipo. Alijiuliza moyoni lini alipimwa mara ya mwisho, akajibu mwenyewe kwamba ni kabla ya corona. Wakati wa corona alikuwa akishusha kuni kwa malango. Baada ya corona alikuwa akizibeba kwa wengine. Nelius aliona uso wake akasema kwa sauti ndogo, "Karwirwa, wewe pia?"

Hakujitetea. Hakusema amechoka wala kwamba hana shida. Alikaa kwenye kiti, akakunja mkono wa sweta, akaulaza mezani kama mtu anayeshusha mzigo. Kimpira kilijaa upepo. Nesi Kagwiria alirudia mara ya pili, akaandika, akamtazama. "Mama, hii ni ya juu sana. Umekuwa ukitembea namna gani?"

"Kwa miguu," Karwirwa alisema.

Kailemia alikuwa amesimama nyuma yake. Alisikia. Bila kuambiwa alivuta kiti kingine, akakaa karibu naye, akatoa mkono wake mkubwa, na hapo hakuna mtu aliyecheka. Yake ilikuwa mbaya zaidi. Walipewa dawa wote wawili, wakaandikiwa Alhamisi.

Alhamisi hiyo walienda, na iliyofuata, na bado wanaenda. Mlimani matanga hayajaisha, na Kinya anasema itachukua miaka mingi kujua corona ilichukua kiasi gani cha nchi hii, na huenda haitajulikana yote. Lakini siku hizi mtu akikosa kliniki, anaulizwa na jirani kama anataka kuletewa kuni, na wengi hurudi kwa aibu hiyo tu, maana wanajua Karwirwa anaweza.

Njia ya dispensari inapanda. Karwirwa, kwa zile dawa za kupunguza maji mwilini, inambidi asimame mara kwa mara na kuingia vichakani, na siku hizi ndiye anayebaki nyuma. Kailemia hamngoji waziwazi, hilo lingekuwa kumdharau. Hufika pale penye kona, akasimama kando ya shamba la mtu, akashika hindi moja akaligeuzageuza kama anayetaka kujua litakomaa lini, mpaka asikie hatua za dada yake nyuma yake. Kisha anaendelea kutembea.